Hesabu ya Vilabu vya Nyakashozi

Jumapili ile Byabato, fundi mwashi, alirudi kutoka kanisani akamwuliza mkewe ni nani aliyewasha majani mabichi ndani ya nyumba. Eugenia alimtazama asimwelewe. Jiko lao lilikuwa nje, na moto wenyewe ulizimika tangu walipomaliza chai.

"Moshi gani, baba?"

"Huu hapa. Nyumba nzima imejaa. Hata wewe sikuoni vizuri."

Akaketi kizingitini, akajifikicha macho kwa ncha ya shati, kisha akaanza kushika tumbo. Majirani walipomfikisha zahanati alikuwa hatofautishi mlango na ukuta. Jua halijafika utosini, amekata roho. Nyuma yake wakaletwa wanaume wawili kutoka mtaa mwingine, halafu kijana muuza chumvi aliyekuwa akilia kwamba kuna mtu amemfunga kitambaa usoni, wamtolee.

Mganga msaidizi wa zahanati, Gaudiosus, alikuwa mtu mpole asiyependa kupaza sauti. Aliinama akanusa pumzi ya yule muuza chumvi, akawauliza waliomleta: "Jana gulioni alikunywa nini?"

"Gongo," wakajibu. "Ile mpya."

Ile mpya ililetwa na mgeni mwenye baiskeli, aliyesema ametokea Nyakatuntu. Alikuwa na madumu kadhaa, na alikuwa akiuza kwa bei ya kutupa. Wenye vilabu wakamgombania. Gulio lilipovunjika alikuwa ameshaondoka, na aliyemwona mwisho alimwona akiishika njia ya mpakani.

Gaudiosus alikwenda misheni akaomba kutumia simu ya upepo. Alipotoka uso wake ulikuwa umebadilika. Alimkuta Kokwijuka, mwanamke aliyekuwa katibu kata, akimsubiri uani, akamweleza bila kuzunguka.

"Daktari wa hospitali anasema hiyo si gongo. Ni spiriti ya mafundi, ile ya kuchanganyia rangi za mbao. Mtu akiinywa hafi papo hapo. Analewa kama kawaida, analala, anaamka mzima, pengine anakwenda hata kanisani. Ubaya wake unaanza baadaye, na unaanzia machoni."

"Kwa hiyo wapo wengine."

"Wapo wengi, Ndugu Katibu. Wako majumbani, wanacheka, wanakula. Wakiwahi kuja tunaweza kuwazuia wasife. Na yale madumu bado yako kwenye vilabu. Leo ni Jumapili. Jioni watakunywa tena."

Kokwijuka aligeuka palepale. Alituma watu wapige kengele ya shule.

Nyakashozi ni mji mdogo lakini ni mkongwe. Juu kilimani ndiko kulikokuwa kikale, makao ya watawala wa zamani, na miti ya mivumu iliyokuwa uzio wao ingali imesimama mpaka leo. Chini ya mivumu wafanyabiashara wa Kiarabu walijenga nyumba zao za udongo enzi za misafara. Wahindi wakaja wakaongeza safu ya maduka ya mabati. Bondeni kabisa, karibu na kinamasi cha mafunjo, wakapewa mahali watu waliotoka Rwanda: wengine walifika miaka ya sitini, na wengine juzijuzi tu, mwaka themanini na mbili, walipofukuzwa Uganda. Kila zama ilileta wanywaji wake na mahali pao pa kunywea. Vilabu vyenye leseni vilikuwa vichache na vilijulikana, huko watu walikunywa rubisi, pombe ya ndizi, mchana kweupe. Lakini gongo ilikuwa marufuku, na gongo ilimiminwa vyumba vya uani, nyuma ya mazizi, katikati ya vibanja ambako migomba imesongamana hata jirani hasikii. Mnywaji alijua kilabu chake na pengine kimoja cha rafiki yake. Hakuna aliyevijua vyote.

Kwenye kibaraza cha mahakama ya mwanzo Kokwijuka alichukua kijiti akauchora mji vumbini. Akapiga mistari miwili iliyokatana.

"Hapa Kikale. Hapa Uarabuni. Hapa Madukani. Na hapa Bondeni. Kila sehemu nitampa mtu anayeishi hukohuko, maana mgeni hafunguliwi. Mpite nyumba kwa nyumba. Kila mahali pombe inapouzwa mpajue, muulize kama ile gongo iliingia, na nani aliinywa. Iliyobaki mmwage. Waliokunywa waje zahanati, hata kama wanasema wazima. Nyumba mkimaliza wekeni alama ya chaki mlangoni, tusipoteze muda kuirudia. Kilabu kimoja tutakachokiruka ndicho kitakachotujazia makaburi."

Bondeni akapewa Therese.

Therese alikuwa mjane wa umri wa makamo, mwalimu wa dini kwenye kigango. Aliletwa huku Karagwe akiwa msichana, akitembea nyuma ya mama yake. Watoto wa Bondeni walijifunza kwake kusali, na wazazi wao walimwita wakigombana. Lakini aliposikia jina lake likitajwa, alitamani apewe sehemu nyingine. Shangazi yake, Mukamusoni, aliuza gongo. Therese alilijua hilo siku zote na hakuwahi kulisema hata kwenye kitubio, kwa sababu hakuona kama ni dhambi yake. Na mdogo wake, Celestin, aliishi hukohuko kwa shangazi.

Watu walipotawanyika alimfuata Kokwijuka pembeni.

"Ndugu Katibu, nikikuonyesha wanaouza, polisi watakuja lini?"

"Leo hawaji."

"Na kesho?"

Kokwijuka alikunja kitenge chake vizuri kiunoni, kama anayetafuta jibu humo. "Therese, juu ya kesho sina uwezo. Unataka nikudanganye?"

"Hapana."

"Basi nenda. Tafadhali, nenda upesi."

Alipewa kipande cha chaki. Akateremka.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mzee aliyekuwa akifuma kikapu. Akasema hapa hawanywi, Therese mwenyewe anajua. Ni kweli, alijua. Akaweka alama kwenye nguzo ya mlango, akapita. Nyumba ya pili hivyohivyo. Ya tatu mwanamke alimsikiliza mpaka mwisho, akasema mumewe hayupo, na Therese alipochora mstari mlangoni yule mwanamke akaufuta palepale kwa upindo wa gauni lake.

"Kwa nini unaufuta, dada?"

"Kwa nini unatuhesabu?" Alimwuliza kwa Kinyarwanda, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kuamsha kitu.

"Sihesabu nyumba. Nauliza habari za gongo. Watu wamekufa kule juu."

"Kule Uganda pia walikuja na sababu. Walisema ni kodi. Vijana wawili na kijana wa tatu wa kuandika. Walitutia alama kwenye milango, Therese. Baada ya hapo wakaja kung'oa mabati, na mabati yalipokwisha wakachoma."

Therese alitaka kujibu lakini mlango ulishafungwa.

Alisimama njiani na chaki mkononi. Pale ndipo hofu ilipomwingia sawasawa, hofu ya kitu ambacho yeye mwenyewe alikuwa amekianzisha. Alisikia kuku wakikamatwa nyuma ya nyumba. Alisikia mkeka ukikunjwa. Kisha hakusikia chochote, na huo ukimya ulikuwa mbaya kuliko kelele, kwa sababu aliujua. Mama yake aliwahi kumsimulia kwamba watu waliozoea kukimbizwa hawapigi mayowe. Hata watoto wao wachanga hujifunza kunyamaza.

Alipiga hodi nyumba iliyofuata. Haikuwa na mtu. Sufuria ya ndizi ilikuwa bado inachemka mekoni. Nyumba ya pili yake ilikuwa wazi, kitanda hakina godoro. Akazunguka nyuma ya kibanja akatazama chini, akawaona. Walikuwa wakishuka kwa kijia cha kinamasi, mstari mmoja, vichwani wamebeba matandiko, mikononi watoto. Nusu ya Bondeni ilikuwa ikiondoka mchana ule. Walikuwa wakielekea kwenye mafunjo, na ndani ya mafunjo hakuna zahanati wala mtu atakayesikia mwingine akiita.

Na katikati ya mstari, juu ya kichwa cha mwanamke mrefu aliyenyooka, aliliona dumu la njano. Mukamusoni. Nyuma yake Celestin, amembeba mwana-mbuzi mabegani.

Therese alitupa chaki akakimbia.

Aliwafikia ukingoni mwa maji, pale watu walipokuwa wakivua viatu. Alikuwa anahema hata maneno hayatoki.

"Shikamoo, shangazi."

Mukamusoni alimgeukia. Desturi ni desturi, akajibu: "Marahaba." Halafu akaongeza, "Nimekulea, Therese. Nilikupa jina la mama yangu, Mukantabana. Leo unatuletea watu milangoni kwetu."

"Shangazi, tua hilo dumu."

"Nilitue ulimwage?"

"Lina sumu. Byabato amekufa. Wengine wamepofuka. Mganga amesema."

"Mganga!" Mukamusoni aliwageukia watu waliokuwa wamesimama kusikiliza. "Mnasikia? Gongo ya kila mtu ni gongo, ya Bondeni ndiyo sumu. Kwanza sumu, halafu watasema ni sisi tuliotia hiyo sumu. Mnajua kinachofuata."

Watu walinung'unika. Walijua kinachofuata. Mzee mmoja aliingia majini mpaka magotini akaendelea kwenda bila kugeuka nyuma.

"Mimi nitawaonyesha kama ina sumu," akasema Mukamusoni. Alilitua dumu, akafungua kifuniko, akaliinua kwa mikono miwili kuelekea mdomoni.

Therese hakukumbuka baadaye jinsi alivyoivuka ile hatua iliyokuwa kati yao. Alilipiga dumu kwa kiwiko na kwa bega, wakaanguka wote wawili kwenye tope, na ile gongo ikamwagika baina yao ikigugumia. Harufu yake ilipanda, kali, ya karakana. Mukamusoni alimshika shingo.

"Jasho langu! Umemwaga jasho langu!"

"Ulikunywa jana? Shangazi, niambie, ulikunywa?"

"Tangu lini mimi nikanywa ninachouza?"

Watu wawili waliwaachanisha. Na hapo Celestin, ambaye alikuwa amesimama pembeni muda wote kama jambo lile halimhusu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Nani ametia moto mafunjo?"

Watu waligeuka kutazama. Mafunjo yalikuwa mabichi, yanayumba kwa upepo, na juu yake anga safi.

"Moshi umekuwa mwingi," Celestin akasema. Alimshusha yule mwana-mbuzi, akakosea kumwachia, mnyama akaanguka chali. "Tungojee upungue, la sivyo tutapotea njia."

Therese alijifuta tope machoni. Alijinyanyua, akamwendea mdogo wake taratibu, akasimama mbele yake karibu kabisa.

"Celestin. Unaniona?"

"Nakuona. Umevaa nyeupe."

Alikuwa amevaa gauni la bluu, na lilikuwa limejaa tope.

"Byabato aliuliza habari za moshi asubuhi hii," Therese akasema. Alijaribu kuwaambia watu wote lakini sauti ilimtoka ndogo, wakalazimika kusogea ili wamsikie. "Mkewe ndiye aliyesimulia. Aliuliza ni nani amewasha majani mabichi. Sasa hivi yupo zahanati, amefunikwa shuka. Sikutumwa kuhesabu nyumba zenu. Natafuta waliokunywa, kabla hawajaanza kuona moshi. Mkiingia humo ndani mtafia humo, na sisi hatutajua hata pa kuwazika."

Hakuna aliyejitokeza. Aliyekunywa alitakiwa ajitaje, na kujitaja maana yake ni kupanda juu mjini, mbele ya macho ya watu, siku ambayo watu wanatafuta wa kumlaumu. Therese aliwaona wakitazamana. Aliona mwanamume mmoja akijifunika jicho moja kwa kiganja, kisha jingine, akijipima kwa siri.

Mukamusoni alikuwa bado amekaa chini topeni. Macho yake yalikuwa kwa Celestin, ambaye sasa alinyoosha mikono mbele akipapasa hewa, na uso wake ulikuwa umeanza kuogopa.

"Shangazi," akaita. "Shangazi, uko wapi?"

Mukamusoni aliinuka. Akamshika mkono. Kisha akawageukia watu, na alipoanza kusema hakumtazama mtu yeyote kwa hasira. Alikuwa akikumbuka tu.

"Mbonimpa, ulikunywa kwangu jana, wewe na shemeji yako. Shemeji yuko wapi? Mwiteni. Mukashema, mumeo alichukua chupa akaenda nayo nyumbani, usinitikisie kichwa, nilimpimia mwenyewe. Wewe kijana wa kutoka Rugu, mlikuwa watatu. Na kuna dumu dogo nililompa yule bibi wa nyuma ya kisima, naye anauza, hamkujua, basi jueni leo. Na jingine lilipanda Madukani, uani kwa fundi cherehani."

Walianza kutoka, mmoja, kisha mwingine. Yule mzee aliyetangulia majini hakurudi. Walimwita mpaka sauti zikakauka. Mafunjo yalikuwa yamemfunika. Mbwa ndio waliomwonyesha baadaye, wiki ile ilipokuwa inakwisha.

Celestin walimbeba kwa machela ya kusuka, ile ambayo Bondeni huitumia kubebea wagonjwa na maharusi. Njia nzima alikuwa akiuliza wamefika wapi. Walipopita katikati ya Uarabuni watu walisimama vibarazani kuwatazama, na wale wabebaji waliinamisha vichwa wakaharakisha, wakingoja jiwe la kwanza. Halikurushwa. Mwanamke mmoja aliingia ndani akatoka na maji.

Zahanati ilikuwa imejaa mpaka nje. Watu wa Kikale walilala kwenye majani, wengine wakicheka kwa aibu kwamba wameletwa bure, wako wazima. Gaudiosus alikuwa na chupa za pombe kali ya dukani, ile yenye muhuri wa kiwanda, alizokusanya kutoka kila duka lililokuwa nayo.

"Hii ndiyo dawa mpaka lori la misheni lifike," akamwambia Therese. "Daktari ameeleza kipimo. Pombe safi inaizuia ile nyingine isifanye kazi mwilini. Mpe mdogo wako kidogokidogo, kama nitakavyokuonyesha."

"Pombe? Nimpe pombe?"

"Mpe."

Hivyo mwalimu wa dini alipiga magoti mbele ya zahanati akamnywesha mdogo wake pombe kwa kijiko, na kila alipomeza alimwuliza kama moshi umepungua. Celestin alimwambia ndiyo, unapungua. Alikuwa anamdanganya ili amtulize, na Therese alilijua hilo. Mukamusoni hakukaa. Alikuwa amerudi Bondeni na Kokwijuka, wanawake wawili peke yao, akimwonyesha mlango kwa mlango.

Lori lilikuja jua likiwa bado juu, likawabeba wagonjwa kwenda hospitali. Usiku na siku zilizofuata walikufa wengine, wa Kikale na wa Madukani zaidi, kwa kuwa huko ulikuwapo ua mmoja uliorukwa. Mwenye nyumba alikuwa mtu mwenye heshima zake na hakuna aliyethubutu kumwuliza. Bondeni walimpoteza yule mzee wa mafunjoni na shemeji yake Mbonimpa. Celestin aliishi. Macho hayakurudi.

Polisi walikuja katikati ya juma. Waliwachukua wauzaji wa sehemu zote nne, na Mukamusoni walimkuta amekaa mlangoni, amevaa viatu, kifurushi pajani. Kokwijuka alipanda gari lilelile akaenda nao wilayani, akasimama mbele ya wakubwa akasema mwanamke huyu bila yeye mngezika mara mbili ya hapa. Hatujui walimjibu nini. Mukamusoni alirudi mvua za kupandia maharage zilipoanza, amekonda. Familia kadhaa za Bondeni zilikuwa zimeshahama kimyakimya, pengine kwenda Ndama, pengine mbali zaidi. Hawakuaga. Waliobaki, wengine walimshukuru Therese na wengine walibadili njia walipomwona. Kigangoni watoto walipungua. Yeye mwenyewe kila alipomwona mtu mgeni amesimama mbele ya nyumba akitazama mlango, alisimama mpaka mtu huyo aondoke.

Celestin alihamia kwake. Kwa muda mrefu alikaa tu ndani, mgongo ukutani. Siku moja alitoka nje alikokuwa Therese anamenya ndizi za mchana, akaketi kwenye kigoda, akaomba kisu.

Therese alikifuta kisu utomvu. Kisha akamwekea mpini kiganjani.

Alianza taratibu, kidole gumba kikitangulia makali. Ganda la kwanza lilitoka vipandevipande. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa utomvu. Therese alishika ndizi yake mkononi bila kuimenya, macho yakifuata kile kisu kila kilipokaribia kidole.

"Unaniangalia," Celestin akasema.

"Sikuangalii."

"Unapumua kama mtu anayeangalia."

Therese akajaribu kupumua vizuri. Hakuweza. Celestin alitupa ndizi iliyomenywa kwenye maji, akapapasa chini akatafuta nyingine.